Mlinzi wa Shimo la Sirakusa

Barthélemy alikubali kuwa mlinzi kwa sababu kukataa kungeonyesha jinsi alivyoumia. Kikundi kizima cha maigizo kilikuwa kimekaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa parokia, na Mama Cathy, anayekiongoza, alikuwa amemaliza kugawa nafasi za mchezo wa sikukuu. Nafasi ya Filoni, askari wa Athene aliyetoka shimoni akiwa hai, alipewa Athanase. Barthélemy alipewa fimbo.

"Mulinzi?" aliuliza, kana kwamba hakusikia vizuri.

"Mulinzi, papa. Tunatafuta muntu wa kusimama muzuri, mwenye kuonekana mukubwa. Ni weye."

"Na hii histoire, hii hadithi, nani aliileta?"

"Ni weye, papa. Wote tunajua."

"Bon, sawa."

Athanase alikuwa ameketi mwisho wa benchi akimenya karanga. Aliinua macho, akamwita kama kaka mkubwa.

"Yaya, utanipiga kweli na ile fimbo?"

Watu walicheka. Barthélemy naye alicheka kidogo, kwa meno tu, kisha akavaa kofia yake akaenda zake.

Hadithi ile ilikuwa yake kama jina lake. Aliipata ujanani, alipokuwa akivunja mawe ya chokaa katika machimbo ya Kakontwe mchana na kusoma shule ya jioni kazi ikiisha. Wenzake walikuwa wakienda kunywa. Yeye alikuwa akinawa uso na kwenda darasani na vumbi bado limo masikioni. Siku moja mwalimu aliwasimulia vita vya Wagiriki wa kale. Waathene walipanda meli, wakavuka bahari kwenda kuuteka mji wa Sirakusa, wakashindwa vibaya. Waliosalia, maelfu yao, walitupwa katika machimbo ya mawe, mashimo yenye kina, yasiyo na paa. Mchana jua, usiku baridi. Maji ya kikombe kimoja kwa siku. Aliyekufa alibaki palepale alipofia. Mwalimu aliongeza kwamba, kama watu wa kale walivyosimulia, wachache waliachiliwa kwa sababu waliweza kuimba nyimbo za kwao, maana watu wa Sirakusa walizipenda mno nyimbo za Athene.

Mwalimu alipotamka "machimbo ya chokaa", kijana Barthélemy aliitazama mikono yake. Wale hawakuwa watu wa kitabuni tena. Walikuwa watu wa kazini kwake.

Ndipo alipomtunga Filoni. Alimpa sura, akampa mama, akampa safari ndefu ya kurudi Athene, na akina mama wa mji wakimzunguka mlangoni, kila mmoja akimuuliza habari za mwanawe. Miaka arobaini aliisafisha hadithi hiyo. Aliisimulia kwenye harusi, kwa watoto wake, kwa wenzake wakingojea lori la kurudi mjini. Alijua ni wapi pa kunyamaza, ni wapi pa kuinua kidole. Mkewe Émilienne aliijua vizuri mpaka mahali meli zinapozama. Zaidi ya hapo alikuwa amekwisha kulala.

Na sasa Athanase! Athanase ambaye walivunja mawe pamoja Kakontwe, ambaye hakuwahi kukanyaga shule ya jioni hata kwa bahati mbaya. Athanase alikuwa na kitu kimoja, sauti. Ilitoka kifuani mwake bila jasho, nzito na laini, na kwaya nzima ya parokia iliegemea juu yake. Barthélemy aliwahi kujaribu kuingia kwaya hiyo. Baada ya majuma machache walimwomba kwa heshima awe anabeba bendera.

Kikundi cha Mama Cathy hakiandiki maneno ya mchezo. Ni desturi ya maigizo ya kwetu Katanga tangu zamani: watu wanapanga safari ya mchezo, nani anaingia, nini kinatokea, tunafika wapi, halafu kila mtu anatafuta maneno yake mwenyewe mbele ya watu. Sharti ni moja. Mwenzako akisema kitu jukwaani, kimekwisha kuwa kweli. Huwezi kukikana, huwezi kutoka, utakijibu. Kwa desturi hiyo, maneno yote ya Filoni, aliyoyasafisha Barthélemy miaka arobaini, sasa yalikuwa ya Athanase, ayafanye apendavyo.

Na aliyafanya apendavyo kweli. Katika mazoezi, Athanase alilala sakafuni kando ya kijana Exaucé, ambaye alicheza maiti, akamwambia, "Sogea kidogo, ndugu. Tangu ufe, unakamata kivuli chote." Waliokuwepo waliangua kicheko, halafu kicheko kikawafia mdomoni. Miaka arobaini, na Barthélemy hakuwahi kufikiria kwamba mtu wa shimoni anaweza kutania.

Kisha Athanase aliimba. Hakuchagua wimbo wa maana, ni wimbo wa Kibemba wa kutwangia mihogo, lakini aliuimba polepole kama mtu anayekumbuka nyumbani. Émilienne, aliyekuja na wanawake wengine kufagia ukumbi, aliuegemeza ufagio ukutani akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Barthélemy alingoja mpaka wafike nyumbani.

"Ulilia."

"Nililia."

"Miaka yote nakusemea hii histoire, haukulia hata siku moja."

"Nilikuwa nalala, Baba Deborah. Muntu wa kulala, atalia namna gani?"

Jioni ileile alimwona akifunika sahani ya kupeleka kwa jirani: bukari, yaani ugali, mboga ya lengalenga, na samaki wa mto Lufira. Athanase ni mjane, na kumpelekea chakula halikuwa jambo geni. Lakini Barthélemy alimtazama samaki. Alikuwa ndiye mkubwa.

"Ule ni samaki yangu," alisema.

"Athanase sauti imemukauka. Anapaswa kula."

"Na minye?" Alijigusa kifua. "Fimbo haichokeshe?"

Émilienne akachukua sahani, akatoka.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Cathy. Alijaribu kusema kama mtu anayetetea elimu, si kama mtu anayedai samaki.

"Mama, Athanase anaharibu. Batu ya Athene habakuimba Kibemba."

"Papa Barthélemy," alisema Mama Cathy, "na Kiswahili, balikuwa banasema?"

Alirudi nyumbani akaanza kuisugua fimbo kwa mafuta, kwa nguvu kuliko fimbo ilivyohitaji.

Jumapili ya sikukuu, baada ya misa, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo hakukuwa na kipaza sauti. Wote walijua kwamba Athanase hakukihitaji. Jukwaa lilikuwa ukingo wa shimo, na sakafu iliyo chini yake, karibu kabisa na benchi la kwanza, ndiyo shimo lenyewe. Wafungwa walivaa magunia na kupakwa unga wa chokaa, wakawa weupe toka nywele hadi vidole. Barthélemy alisimama juu peke yake, sufuria kichwani ikiwa kofia ya chuma, na brashi ya kusugulia nguo imefungwa juu yake kama manyoya ya Wagiriki. Watoto walimcheka. Akawakazia macho, wakaacha.

Mchezo ulikwenda vizuri, na hilo ndilo lililomtesa. Athanase alisema yale ya kivuli, ukumbi ukacheka na kunyamaza kama siku ya mazoezi. Alikinga kikombe chake kwa mikono miwili, akanywa tone moja, akampa maiti tone la pili, na mama mmoja nyuma akasema, "Masikini!" Barthélemy alitembea ukingoni huku na huko. Hakuna aliyemtazama. Kila neno lililowachoma watu lilipita kwanza moyoni mwake likisema: hili ni langu, lingekuwa langu.

Sasa palifika mahali pa wimbo. Mpango ulikuwa hivi: mlinzi atasema "Imba", Filoni ataimba, mlinzi atalia, atasema "Toka", na Filoni atakwenda Athene kusimulia.

"Imba," alisema Barthélemy.

Athanase aliimba. Hata watoto wa madirishani waliacha kusukumana. Wimbo ulipokwisha palikuwa na kimya kama cha kanisani wakati wa kuinua kalisi. Macho yote sasa yakapanda kwa mlinzi. Barthélemy aliyahisi, mamia ya macho, kwa mara ya kwanza tangu mchezo uanze. Ilikuwa tamu. Alijua kwamba akisema "Toka", macho yale yangemfuata Athanase mpaka Athene, na yeye angebaki na sufuria.

"Haitoshi," alisema.

Pembeni, Mama Cathy alishika kichwa. Pitshou, mpiga ngoma, alisahau mkono wake hewani.

Athanase alipepesa macho. Kisha, kwa kuwa neno lilikwisha kusemwa, alipumua akaimba wimbo mwingine, chini zaidi, taratibu zaidi. Ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza, na Barthélemy alimchukia kwa hilo.

"Haitoshi. Rudi kwa benzako."

Ukumbi ulichemka. "Eh, papa! Hauna na roho?" "Mwachilie!" "Mushushe ule mulinzi, tumufundishe!" Mtoto mmoja alianza kulia. Barthélemy aliinua fimbo, akatabasamu kwa ubaya, na watu wakapiga kelele zaidi, wakidhani ni ufundi.

Ndipo Émilienne aliposimama katika benchi la pili, kitenge chake cha Jumapili kimekazwa kiunoni.

"Mulinzi!" alisema kwa sauti ya kufika nje. "Uko na wivu!"

Watu walicheka hadi wakapigana mabega. Waliona ni mama mmoja amenogewa na mchezo. Lakini Barthélemy alikuwa ameishi na mwanamke yule kwa miaka mingi, na alijua anapotania. Hakuwa anatania. Joto likampanda chini ya sufuria.

Athanase alimtazama Émilienne, kisha akamtazama mlinzi. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Barthélemy aliona kwamba ameelewa.

"Mama anasema uko na wivu," Athanase alisema, bado ni Filoni, bado mweupe kwa chokaa. "Wivu ya nini, mulinzi? Ya hii maji?" Aliinua kikombe. "Ya huyu ndugu?" Alimgusa Exaucé kwa mguu, na maiti ikabana midomo isicheke. "Ya hii gunia? Angalia muzuri. Hii yote iko huku kwetu. Sema unapenda nini, nikupatie."

Sharti ni sharti, ilikuwa lazima ajibu. Barthélemy alitafuta jibu la mlinzi, jibu kali, la kuchekesha. Mdomo wake ukatangulia.

"Sauti," alisema.

Hakuna aliyecheka.

"Sauti?" alisema Athanase. "Bon. Haiko juu kule, iko huku chini. Shuka uikamate."

Akanyoosha mkono. Barthélemy aliutazama mkono ule mweupe. Magoti yake hayakuwa ya kushuka jukwaani mbele ya watu, lakini alishuka, na Athanase akamshika kiwiko asianguke, kama mtu anavyomshika kaka yake mkubwa. Kisha akamvua sufuria taratibu, akaivaa mwenyewe, akachukua fimbo, akapanda juu. Sufuria ilimkaa upande.

Barthélemy alisimama shimoni. Harufu ya chokaa ilimwingia puani, ile ile ya Kakontwe, na nyuso za watu zilikuwa karibu kiasi kwamba aliona jasho juu ya midomo yao. Hili ndilo alilolitaka. Alikuwa Filoni. Alifungua kinywa aanze habari ya meli.

"Imba," alisema mlinzi kutoka juu.

Alikuwa amesahau kwamba Filoni hawezi kusimulia kabla ya kuimba.

Alitafuta wimbo. Wa kanisani hakuthubutu, mbele ya kwaya nzima. Ukamjia ule wa kusukumia wagoni za mawe machimboni, wimbo usiotaka uzuri, unataka pumzi tu. Akaanza juu mno. Sauti ikapasuka, ikashuka, ikatafuta njia, ikakosa. Watu walianza kucheka. Aliendelea. Alizisukuma zile wagoni zilizojaa mawe mpaka mwisho wa wimbo, macho yake sakafuni, kwani hakujua namna ya kuacha katikati. Hakuna aliyemwitikia. Alipomaliza, kicheko nacho kilikuwa kimeisha, na ukumbi ulikuwa ukimtazama mzee mwenye shati jeupe aliyesimama kati ya magunia.

Aliinua uso. Athanase alikuwa juu na fimbo, na hakuonyesha lolote. Barthélemy hakujua mwenzake atasema nini. Alijua tu, na kwa hakika, yeye mwenyewe angesema nini kama angekuwa bado kule juu.

Athanase alijikuna chini ya sufuria.

"Ni mubaya," alisema. Watu wakacheka. "Ni mubaya sana, kabisa. Toka."

"Juu ya nini?" Swali la kutaka sababu lilimtoka Barthélemy bila kupangwa.

"Toka tu, yaya. Mama yako anakungojea."

Akatoka. Upande wa pili wa ukumbi walisimama akina mama wa Athene, wanawake wa kikundi waliojifunga vitambaa vyeupe. Walimzunguka. Hapa ndipo hadithi yake yote ilipokuwa imehifadhiwa: majenerali waliobishana, bandari iliyofungwa, meli zilizogongana, matembezi ya watu walioshindwa. Alivuta pumzi. Lakini Mamie, mwanamke mfupi mwenye ulimi mwepesi, hakumngoja.

"Mutoto wangu uko wapi? Mulikwenda pamoja. Alikuwa anaimba muzuri."

"Alikuwa anaimba kunishinda," alisema Barthélemy.

"Sasa juu ya nini weye umerudi, yeye hakurudi?"

Alikuwa na jibu la maswali yote isipokuwa hilo. Miaka arobaini Filoni alitoka shimoni kwa sababu alistahili. Barthélemy alitazama chini, akasema taratibu, na kwa kuwa hakupandisha sauti watu walisogea ili wasikie.

"Sijui, mama. Kule shimoni tulikuwa tunaimba wote. Asubuhi tulikuwa tunaimba, juu ya kupata maji. Mutoto wako akianza, hata balinzi banakaa chini. Minye nilikuwa karibu yake. Siku bamemupatia kikombe cha pili, sikufurahi. Nilihesabu mafunda yake. Nilisema, huyu atatoka, minye nitabaki. Kisha jua likamupiga, akalala, hakuamuka. Na nilikaa kwa kivuli chake, mama. Siku ingine mulinzi mumoja akaniambia niimbe. Niliimba vibaya. Akasema, toka. Nikamuuliza sababu, hakunipa. Baliomushinda kila muntu kwa sauti bamebaki kule na mawe. Ni minye njo nilirudi. Muniulize ya meli, nitawaambia. Muniulize ya vita, nitawaambia. Ile ya kwako, mama, siijui."

Mamie alipaswa kujibu. Alimshika mkono tu, na Pitshou, ambaye hakujua la kufanya, akapiga ngoma mara moja, na mchezo ukawa umekwisha.

Nje, watu walimzunguka Athanase kwanza. Waligusa sufuria yake, wakamwomba aimbe tena, na msichana mmoja akapiga naye picha. Barthélemy aliona yote hayo akiwa mlangoni. Wivu ulikuwepo. Ulikaa palepale ulipokuwa, lakini ulikuwa umenyamaza kama mbwa anayejua kwamba mwenye nyumba ameingia.

Émilienne alikuja kusimama kando yake, akampangusa chokaa begani.

"Umeimba vibaya," alisema.

"Najua."

"Vibaya sana."

"Mama Deborah, nimesikia."

"Lakini leo sikulala."

Athanase aliwafikia akihema, jasho limechora mistari katika weupe wa uso wake. Alimpa Barthélemy fimbo kwa mikono miwili.

"Yaya, Mama Cathy anasema banatuita misioni ya Kapolowe. Banapenda hii mchezo, vile tumeifanya leo ao vile tuliipanga. Tuchague. Filoni ni nani?"

Mwili mzima wa Barthélemy ulisema "mimi". Alilishikilia neno likiwa mdomoni. Aliyakumbuka macho ya Athanase kutoka juu, yasiyoonyesha lolote, na ule muda mfupi aliokuwa hajui kama atatoka.

"Weye," alisema. "Minye nitasimama juu."

"Na utaniachilia?"

Barthélemy aliiweka fimbo begani.

"Imba kwanza," alisema. "Nitasikia."